Tupeane uzoefu: kuosha paneli za sola zilizofungwa wavu wa kuzuia ndege

Mwanzisha uzi: Wakuu, wenye wavu au miiba ya kuzuia njiwa na kunguru, mnaoshaje bila kuharibu? Wekeni vipimo, "muite fundi" peke yake haisaidii.

Juu_ya_Bati: Zima inveta kwanza (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa matumizi ya nyumbani), kisha swichi ya DC, yaani ya umeme unaotoka kwenye paneli. Bado kuna umeme: paneli sita za volti 40 zikiungwa mfululizo ni volti 240 hadi giza liingie, kwa hiyo konekta (viungio vya nyaya) usiguse. Osha kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Maji baridi kwenye kioo kilichopata moto wa mchana yanaweza kukipasua.

Pwani_Sola: Kinyesi kikavu usikikwangue. Kifunike kwa kitambaa kilicholowa dakika 10 hadi 15, kisha pitisha brashi laini yenye mpini mrefu. Vaa barakoa, maana vumbi la mavi ya njiwa lina fangasi wanaoshambulia mapafu. Sabuni ya unga hapana, inaacha utando unaonasa vumbi. Kwa madoa sugu, matone machache ya sabuni ya vyombo kwenye ndoo ya lita 10, halafu suuza. Kama kisima chako ni cha chumvi, malizia na maji ya mvua, la sivyo utabaki na madoa meupe. Mashine ya presha isahau kabisa.

Fundi_Wavu: Wengi wanaosha kioo na kusahau kwamba uchafu mbaya uko nyuma ya wavu. Majani na manyoya hujikusanya upande wa chini, hewa haipiti, paneli inapata joto, na hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto juu ya 25. Mpira wa maji kutoka juu hauondoi; unasukuma tope likagande kwenye nyaya. Fungua vibano vya upande wa chini tu, vuta taka kwa brashi, kagua nyaya zilizodonolewa, ndipo ufunge.

Usifunge kama kuna makinda ndani. Watafia humo, na harufu na funza utavisikia sebuleni. Mayai ya njiwa huanguliwa kwa siku kama 18, na makinda hukaa wiki nne au zaidi kabla ya kuruka, basi subiri.

Tundu la milimita 25 linazuia njiwa lakini shomoro anapita. Kwake chukua milimita 12. Karibu na bahari, waya wa kawaida hutoa kutu inayochirizika hadi kwenye bati. Tafuta uliovikwa plastiki. Fremu usiitoboe, dhamana inakufa.

Juu_ya_Bati: Naongezea kuhusu miiba. Ikisimama ukingoni inatupa kivuli. Kwenye paneli ya seli 60 iliyosimamishwa wima, safu ya seli za chini kabisa imo katika makundi yote matatu ya daiodi (vipande vinavyoruhusu umeme kukwepa seli zenye kivuli), kwa hiyo mstari mwembamba wa kivuli au tope hapo unaangusha paneli nzima, si theluthi. Paa likiwa na mwinamo chini ya nyuzi 10, tope hilo halioshwi na mvua hata ya masika.

Mwanzisha uzi: Na kutembea juu?

Fundi_Wavu: Kanyaga mstari wa misumari ya bati, ndipo papi (mbao zinazobeba bati) zilipo. Kioo kamwe: seli hupata nyufa usizoziona.