Wajukuu wa Kayenze: jiko la bibi

Scola 06:41
Mwangaluka wote. Jana nimelala Kayenze nimerudi mjini na gari ya kwanza, nguo zinanuka moshi mpaka konda kaniuliza kama nawahisha samaki wa kubanika Mwaloni. Jiko la bibi limefika mwisho, moshi haupandi kabisa unarudi wote ndani na bibi anakohoa usiku kucha. Sitaki tungoje Krismasi. Leo leo tujue nani anatoa nini na nani anaenda Jumamosi. Mimi naanza na elfu 30

Shangazi Regina 06:58
Mwangaluka mayu. 🙏🏿🙏🏿 Siku ya leo ikawe ya kibali kwako na uzao wako, tuma kwa watu 10

Scola 07:15
Amina shangazi. Wengine?

Scola 09:02
Naona waliosoma ni 14

Kulwa 09:04
Tunasoma polepole dada, si unajua shule zetu zilivyokuwa 😂

Scola 09:04
Kulwa leo sitaki

Mama Junior Dar 09:20
Habari zenu mawifi na mashemeji. Mimi kwa mawazo yangu tusitupe hela kwenye udongo, bibi anunuliwe gesi basi. Hata serikali ina mkakati wa nishati safi 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa, sisi tunajenga jiko la kuni 🤷🏾‍♀️

Happy 09:26
Wifi mtungi upo, ule mdogo wa kilo 6 mliotuma. Uliisha zamani, bibi kauwekea ndoo ya maji juu

Kulwa 09:27
Kumbe tulimnunulia stuli 😂😂😂

Scola 09:33
Wifi gesi ya chai na uji nakubali tumjazie, tena wewe ujaze. Ila makande na maharage bibi hapikii gesi na wewe unajua wageni wa pale wanavyoingia bila hodi, anainjika lile sufuria la msibani. 2034 ikifika tutaongea, leo jioni anapikia wapi

Doto 10:31
Shikamooni wakubwa. Happy kabla hatujachanga nipigie picha mdomo wa jiko, nyufa, na bomba linapotokea kwenye bati. Mchana kuwe na mwanga

Happy 11:12
📷 📷 📷

Doto 11:40
Sawa nimeona. Kwanza jiko halijafa, msilivunje. Mnaona huo weusi unaong'aa kama lami unaochuruzika kwenye kiungo cha bomba, hayo siyo masizi ya kawaida, hayo yanatokana na kuni mbichi, maji ya kwenye kuni yanapanda na moshi yanapoa juu kwenye bati yanaganda, bomba linazidi kuwa jembamba mpaka moshi unakosa njia unageuza. Na huo mgando unashika moto, siku bibi akachochea sana bomba linawaka kwa ndani na papi za kenchi zimeligusa kabisa hapo, picha ya tatu. Pili yule fundi wa mwaka ule aliziba nyufa kwa saruji, saruji na moto wa jiko haviendani ndo maana imeachana na udongo. Tatu Happy mnajaza kuni mpaka mdomo unaziba, hewa itapita wapi. Weka mbili tatu nyembamba, chini pabaki wazi, majivu yatolewe kila asubuhi yakiwa yamepoa, na msiyaweke kwenye ndoo ya plastiki

Kulwa 11:43
Profesa wa masizi huyu hapa 🎓 mama yetu alizaa pacha mmoja akachukua akili zote

Scola 11:44
Angalau umejua

Kulwa 11:45
Doto Jumamosi Pamba wako Kirumba na wewe unataka kupanda kwenye bati la bibi?

Binamu Jose 11:46
Pamba nao bomba limeziba 😂 magoli hayapandi

Kulwa 11:46
😂😂😂😂 Jose umefufuka

Doto 11:52
Happy swali. Kwenye picha ya pili pembeni naona godoro. Nani analala jikoni?

Binamu Jose 11:53
Lakini kwa kweli beki wetu wa kulia ni kuni mbichi

Kulwa 11:53
🔥🔥 anatoa moshi tu

Happy 12:20
Bibi. Tangu mvua zianze anasema chumbani baridi. Anaacha makaa ndani ya jiko, anafunga mlango na dirisha kaziba na gunia sababu ya upepo wa ziwani

Doto 12:21
HAPANA

Doto 12:24
Acheni mpira kidogo. Makaa yakibaki kwenye chumba kilichofungwa yanatoa kaboni monoksaidi, haina harufu haina rangi, huoni moshi wala hukohoi, unasikia kichwa kizito, kichefuchefu, unalala na huamki. Na bomba lenyewe ndo hilo limeziba, haina pa kutokea. Happy bibi huwa analalamika kichwa asubuhi?

Happy 12:26
Kila siku. Tulijua ni presha

Scola 12:27
Yesu wangu

Scola 12:27
Happy gunia litoke sasa hivi na godoro lihame. Leo. Usingoje Jumamosi

Shangazi Regina 12:35
Mama yangu jamani 😭 mimi nilimwambia

Doto 13:02
Hizo kuni mnapata wapi?

Happy 13:05
Mkaratusi wa jirani akipunguza matawi tunaokota. Zikiisha nachanganya na minyaa ya uani

Doto 13:07
Minyaa acha kabisa, ule utomvu ukikuingia jichoni utatafuta hospitali. Na mkaratusi wa juzi ni maji matupu. Kuni zipasuliwe, zipangwe juu ya uchanja chini ya bati, pembeni pawe wazi upepo upite, miezi sita hivi. Ukigonganisha mbili zikalia ko ko zimekauka, na kichwani zinakuwa na nyufa

Scola 13:15
Kuni kavu pale kwa bibi zilikuwepo za kupikia miaka. Wanaojua wanajua zilikoenda

Kulwa 13:16
Haya imeanza

Binamu Jose 13:16
👀

Ba'mdogo Masalu 14:48
Scola kama una neno na mimi nipigie simu.

Scola 14:49
Shikamoo ba'mdogo. Sijataja mtu

Ba'mdogo Masalu 14:55
Marahaba. Ule mwembe ulikatwa kwa makubaliano, kaka mkubwa yumo humu muulizeni.

Shangazi Regina 15:03
Makubaliano ya nani Masalu? Mimi mwembe wa baba nimeuona juu ya fuso pale Igombe, magogo yamefungwa kamba, nikajua ni wa watu wengine mpaka nilipofika nyumbani

Ba'mdogo Masalu 15:06
Regina hela ile ilifanya kazi gani unajua. Usiniambie habari ya fuso.

Shangazi Regina 15:07
Hiyo kazi ilihitaji mti mzima?

Scola 15:20
Jamani turudi kwenye jiko. Hadi sasa mimi 30, wifi Dar gesi, Doto kazi ya mikono. Waliobaki naandika majina saa kumi na mbili

Baba Mkubwa Shija 15:44
👍🏾

Scola 15:45
Shikamoo baba mkubwa, hiyo ni ya mchango au ya mwembe?

Happy 18:22
Nimemsomea bibi yote. Kaniambia niandike kama anavyosema nisipunguze.

"Mwembe kaupanda babu yenu mwaka tulipohamia hapa. Mmeukata mimi nimelazwa, nimerudi nakuta jua limejaa uani. Sikusema kwa sababu nilikuwa na watoto watatu tu waliobaki. Sasa nasema. Masalu ataniletea kuni kavu na atazipasua hapa mwenyewe nikimuona, asilete kibarua. Shija asijifiche kwenye kidole, alikuwepo. Jiko lisivunjwe. Jikoni silali tena, nimemsikia Doto, lakini huko chumbani blanketi liko wapi? Regina usilie kwenye simu, njoo."

Kulwa 19:38
Shikamoo bibi

Binamu Jose 19:38
Shikamoo bibi

Mama Junior Dar 19:41
Shikamoo bibi 🙏🏾

Kulwa 19:50
Blanketi ni langu. Kesho nalinunua napandishia kwenye gari za Kayenze, Happy upokee

Scola 19:51
Kulwa wewe? Nalipiga picha hii meseji

Ba'mdogo Masalu 21:17
Nimesikia mama. Sasa hivi niko kambini kisiwani, mwezi hakuna, hizi ndo siku za dagaa nikiondoka watu wa mtumbwi wanakula hasara. Mwezi ukishakuwa mkubwa nakuja.

Scola 21:20
Ba'mdogo hiyo ni tarehe ngapi?

Scola 21:48
Ba'mdogo?

Doto 22:03
Atakuwa ameingia ziwani mtandao hakuna. Jumamosi naenda mimi, sitaki jiko liwashwe tangu Ijumaa usiku, nataka nilikute la baridi. Nitashusha kamba yenye jiwe na fungu la katani ndani ya bomba, Happy atandike gunia lenye maji chini masizi yasiruke. Nyufa nazibandua saruji naweka udongo wa kichuguu na mchanga kidogo, likae likauke lenyewe kabla ya moto mdogo mdogo, kwa hiyo siku kama tano bibi apikie gesi. Wifi hiyo gesi ijazwe kabla. Na kipande cha juu cha bomba kibadilishwe kipite kipaa cha nyumba na kiwekwe kofia, mvua inaingilia hapo. Na lile tundu la kwenye bati lipanuliwe bomba likae mbali na papi

Scola 22:05
Kipande cha bomba fundi bati wa Igoma kasema nimpe kipimo kesho asubuhi. Inchi ngapi?

Doto 22:06
Kwa picha sijui, nne au sita. Happy?

Happy 22:10
Futi ya babu haionekani

Shangazi Regina 22:11
Futi anayo Masalu

Kulwa 22:11
😬

Scola 22:14
Happy funga uzi kuzunguka bomba ukate, mpe dereva wa gari ya kwanza aniletee. Na naomba kwa mara ya mwisho, waliobaki tumeni, namba yangu ni ile ile

Mama Junior Dar 22:31
Wifi nimetuma elfu 50 ya gesi na usafiri wa Doto, ila jina lililokuja siyo lako, ni la mwanaume. Ni sawa?

Scola 22:31
Jina gani???