Binti mrushaji wa softiboli, makocha wa vyuo hawajibu

Mzazi_wa_mrushaji: Habari wakuu. Binti yuko darasa la 10 hapa Marekani. Tunawaandikia makocha wa Divisheni ya Kwanza (ngazi ya juu ya michezo ya vyuo), kimya. Shida ni video?

KochaMsaidizi: Shida ni kanuni, mkuu. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, haiwaruhusu kumjibu kabla ya Septemba 1 ya darasa la 11. Barua pepe wanazisoma, kwa hiyo endelea kutuma: ratiba ya mashindano, namba ya jezi, alama za shule.

Besi_ya_Pili: Hata hivyo video iangalie. Dakika 3 zinatosha, na muziki toa. Mrekodi kutoka pembeni, kisha nyuma ya mdakaji ili mpira unavyopinda uonekane. Umbali uwe futi 43, mpira wa mzingo wa inchi 12. Ukimsogeza karibu ataonyesha shabaha asiyo nayo. Wazazi wengi wanahangaikia kasi tu (na rada zao!). Mimi ningetazama mpira wa polepole (ule wa kumhadaa mpigaji anayetarajia wa kasi) kwanza: mkono ukipunguza mwendo kabla ya kuachia, mpigaji anausoma mapema. Mkono uzunguke kwa kasi ileile, mabadiliko yawe kwenye mshiko.

Mzazi_wa_mrushaji: Asante. Na masomo?

KochaMsaidizi: Kwa Divisheni ya Kwanza, kozi 16 za msingi (masomo ya sekondari yanayotambuliwa na NCAA), wastani usiopungua 2.3 kati ya 4.0. Kumi zikamilike kabla ya muhula wa saba (mwanzo wa darasa la 12), saba kati ya hizo ziwe Kiingereza, hisabati au sayansi. Muhula huo ukianza, alama za hizo kumi haziboreshwi kwa kurudia. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo, usiitegemee kwa hilo.