Whitney Houston (1985): Kashif, Masser au Walden, nani aliiachia sauti nafasi?

PediLaini: Albamu ya kwanza ya Whitney ina nyimbo 10: Michael Masser kaprodyuzi 4, Jermaine Jackson 3, Kashif 2, Narada Michael Walden 1. Mwimbaji wa kwaya anayetaka albamu ya kwanza yenye mng'aro wa pop afuate njia ya nani?

BesiNzito: Kashif. Sikiliza "You Give Good Love": vinanda vimetandikwa chini, ngoma haina haraka, sauti inaanza taratibu na inapanda yenyewe. Ulifika namba 1 kwenye chati ya R&B ya Billboard na namba 3 kwenye Hot 100, chati yake kuu ya nyimbo za aina zote, yaani mng'aro wa pop haukuwafukuza wapenzi wa soul, muziki ulio karibu na R&B. Za Jermaine ndizo zilizozeeka haraka.

Fundi_Miksi: Masser ni mtamu lakini ana mtego. Kwenye "Saving All My Love for You" saksafoni ya Tom Scott inajibu mwimbaji akishamaliza mstari, haimkanyagi. Wanaoiga mtindo huu hujaza nyuzi na pedi (sauti laini za kinanda zinazojaza nyuma) kila mahali, hasa kati ya 1 na 4 kHz, kipimo cha wembamba wa sauti, palepale maneno yanapoeleweka. Sauti ikizama wanaipandisha, inaanza kuchoma masikio. Shusha pedi desibeli 2 au 3 hapo, sauti iache ilivyo. Mwangwi nao uanze kama milisekunde 60 baada ya neno, ili konsonanti zibaki kavu.

Kiitikio: Jamani, Walden! "How Will I Know" ulipelekwa kwanza kwa upande wa Janet Jackson, wakaukataa. Mashine za ngoma na vinanda ni za pop tupu, lakini kati ya waitikiaji yumo Cissy Houston, mama yake Whitney, mwimbaji wa injili. Ndiyo maana kiitikio kina nyama. Weka waitikiaji 3 wazunguke maikrofoni moja, warudie mara 2. Ukimrundika mwimbaji yuleyule mara 8, rangi inakuwa moja na sauti kuu inapoteza makali.

PediLaini: Na sauti kuu yenyewe?

BesiNzito: Aimbe mara 4 au 5 mwanzo hadi mwisho, kisha chagua mistari mizima. Ukiunga silabi kwa silabi, pumzi zinakatika na hisia zinakwenda nazo.

Fundi_Miksi: Na programu ya kunyoosha noti iwekwe polepole. Ikiwa ya haraka, ule mteremko wa sauti kutoka noti hadi noti unageuka ngazi. Rekebisha kwa mkono noti zilizopotoka tu.