Tela linacheza mkia nikifika spidi 80, naomba ushauri

Wakuu habari zenu, nina pikapu navuta tela la tairi mbili, napeleka dagaa toka Mwaloni Kirumba mpaka Bariadi. Juzi nimepita Kisesa nikagusa 80, basi la abiria likanipita kwa kasi, tela likaanza kuyumba kushoto kulia, nyuma ya pikapu ikawa kama inanyanyuliwa, nikakanyaga breki ndo likazidi kabisa. Nilivyoachia mafuta taratibu likatulia.

Magunia tulirundika upande wa nyuma wa tela, dogo alitaka upenyo wa kulala (na kweli alilala!). Pale linaposhika gari nilinyanyua kwa mkono mmoja. Fundi anasema nipunguze upepo wa tairi, mi sielewi. Nisogeze mzigo mbele ya ekseli au nianze na beringi? Mnaovuta maboti mnaendaga spidi ngapi?