Naomba ushauri: chakula cha watu wanane kwa siku tano Bagamoyo
Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Mwezi Desemba familia yangu ya watu wanane, akiwemo mama yangu mzazi, itatoka Morogoro kwenda Bagamoyo, ambako tumepanga nyumba kwa siku 5, na kwa chakula nimetenga shilingi 200,000. Likizo iliyopita tulikula mikahawani na fedha zikatuishia siku ya tatu. Iliniuma sana mbele ya watoto.

Nyumba hiyo ina jiko la gesi la plati mbili na friji ndogo isiyogandisha. Nimekusudia kubeba mchele kilo 10, unga, viungo, na maharage nitakayokuwa nayaloweka usiku ili yasimalize gesi, kisha samaki ninunue pale ufukweni wanakonadiwa. Je, ninunue kila siku, au ninunue wengi mara moja, niwakaange wakauke, halafu kesho yake niwaunge kwa nazi? Joto la pwani mwezi huo ni kali, nami nahofia wataharibika.

Mama hali vyakula vya mafuta mengi, hivyo naomba pia mnielekeze mboga ya bei nafuu ambayo sote tutaila bila kumpikia yeye sufuria ya peke yake.