Naomba ushauri: kupima uhai wa seli juu ya silikoni yenye vitundu

Assalaam alaykum wenzangu. Niko Chake Chake, nasomesha baiolojia sekondari, na naandika pendekezo la utafiti wa shahada ya pili. Nataka kuangalia kama seli za mifupa zinaishi vizuri juu ya silikoni yenye vitundu (ile ya chipu za kompyuta, si ile ya mpira).

Kilichonivutia ni kazi ya Leigh Canham wa Uingereza, 1995: alionesha kuwa madini kama ya mfupa hujijenga juu yake ikitiwa kwenye maji yaliyotengenezwa kufanana na ya mwilini. Tena huyeyuka taratibu ikawa asidi ya silisiki, na figo zikaitoa kwenye mkojo. Chuma cha kufungia mfupa hakina adabu hiyo!

Tatizo langu ni kipimo. Maabara niliyoahidiwa ina MTT tu, ile rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Sasa silikoni iliyotoka kutengenezwa, uso wake ungali na haidrojeni, huigeuza yenyewe hata pasipo seli. Naweza kuona zambarau tele kumbe seli zishakufa zote.

Nikiipasha moto kwenye tanuri kwanza ipate tabaka la oksaidi, itatosha? Au niachane na MTT, nizibandue seli nizihesabu chini ya hadubini kwa tripani buluu, rangi inayoingia seli zilizokufa tu? Kipande kitupu cha kulinganishia nitaweka, hilo halina mjadala. Aliyewahi kuotesha seli anisaidie, hata kama alitumia kitu chengine. Siku ya kuwasilisha ishakaribia.