American Gods: niendelee sizoni ya pili au niishie hapa?

Mkesha: Wakuu heshima zenu. Nimemaliza sizoni ya kwanza ya American Gods, ile tamthilia ya miungu ya kituo cha TV cha Starz ya 2017, episodi nane nimezimaliza kwa siku mbili na bado sijaelewa kama nimeipenda. Steringi wake Shadow Moon ananichosha, jamaa katoka jela kakuta mke kafa, mzee Wednesday kampa kazi ya kumwendesha, basi yeye ni kufuata tu anakopelekwa hata kuuliza haulizi. Lakini ile episodi ya pili inavyoanza jamani! Meli ya watumwa mwaka 1697, mtu kafungwa minyororo anaomba huku analia, Anansi, mungu buibui wa ngano za Afrika Magharibi, anatokea kapiga suti anawaambia wazi yatakayowakuta wao na wajukuu zao mpaka wanaichoma meli na wao wamo ndani. Nilisimamisha nikakaa kwanza. Mlioimaliza, huko mbele inakolea? Bando langu ni la kubana.

Mzee wa Sirizi: Mkuu, sehemu kubwa ya utamu umeshaula. Bryan Fuller na Michael Green walioianzisha waliondoka baada ya sizoni ya kwanza, Gillian Anderson aliyeigiza Media, mungu mpya wa televisheni, naye akaondoka, sizoni ya pili 2019 ikaja na kiongozi mwingine na ya tatu mwingine tena, inaonekana kabisa kila mtu anavutia kwake. Vita ya miungu wa zamani na wapya tunaahidiwa tangu mwanzo, tunasubiri, tunasubiri, halafu Machi 2021 Starz wakaikata na hadithi ikabaki inaning'inia.

bint_pwani: Mzee sikatai ila mbona hamsemi habari ya Salim? Mfanyabiashara wa Oman yuko New York, kakalishwa ofisini kwa mtu kutwa nzima hakuitwa, anatoka anapanda teksi mvua inanyesha, dereva anasinzia kwa uchovu, Salim anamgusa bega taratibu, wakaanza kuongea Kiarabu habari za Ubar mji uliopotea, kumbe dereva ni jini, macho ni moto mtupu. Sisi wa pwani tumekua tunatishwa na majini, huyu anaendesha teksi na analalamika watu wa huko wanadhani kazi yake ni kutimiza matakwa ya watu. Mungu anahama na watu wake, wakimsahau anabaki kibarua kama wao, hapo ndipo walipatia kuliko vita yote hiyo. Usiangalie na wazazi sebuleni lakini, kuna vitu vya wazi sana.

Mchambuzi_huru: Mimi kilichoniuma ni Anansi huyohuyo. Desemba 2019 Orlando Jones anayemwigiza alitangaza kwamba hayumo tena, na sizoni ya tatu bila yeye niliiona imepoa kabisa, ile hasira yake ndiyo ilikuwa inaniamsha. Mkesha, sizoni ya pili nenda mpaka episodi ya saba, ni ya Mad Sweeney, yule kiumbe wa ngano za Ireland, na maisha yake ya nyuma, Pablo Schreiber anayemwigiza kafanya kazi humo.

Mkesha: Basi nimepata jibu, naenda mpaka hiyo ya saba. Sweeney simwachi, tangu ile sarafu ya Sweeney ambayo Shadow aliiweka juu ya kaburi la mkewe ikazama yenyewe kwenye udongo nilijua hapa kuna mambo. Dada wa pwani, ya Salim narudia usiku huu huu.